Kisima Alichokikataa Kasanda

Mdogo wake tajiri Kasanda alizama kisimani akafa. Baada ya matanga, Kasanda aliamuru kisima kifukiwe, ingawa kilikuwa kiangazi na kijiji hakikuwa na kingine.

"Maji yale yana mkosi," alisema.

Nyamizi, mfinyanzi wa vyungu, aliiomba kazi hiyo. "Usije kuangalia, mzee. Utajitonesha kidonda."

Kasanda hakwenda. Kila asubuhi Nyamizi alimpelekea mtungi wa maji, akisema ameyateka ng'ambo ya mlima.

Mvua ziliporudi, Kasanda alimshukuru mbele ya watu. "Haya ndiyo maji. Yale ya kisima chetu yalikuwa na chumvi."

Watu waliinamisha vichwa. Asubuhi hiyo wote walikuwa wameteka kisimani humo, ambamo Nyamizi hakuwahi kutia hata koleo moja la udongo.