Nungunungu Aliyezeeka Kabla ya Mkewe

Mliokaa, mmekaa?

Tumekaa.

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo.

Basi nami nafungua kinywa.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakijuliana hali kila asubuhi, palikuwa na nungunungu mke na mume. Mke aliitwa Siwatu, mume aliitwa Makame. Walizaliwa msimu mmoja, wakakua, wakaoana, wakachimba shimo lao ubavuni mwa kichuguu kikubwa cha mchwa. Jua likizama walitoka kufukua mizizi. Walikula, wakarudi, wakalala. Miiba yao ilikuwa migumu, inang'aa.

Mwaka mmoja mwenye shamba la ng'ambo ya kijito akahama na watu wake. Akaacha mihogo, akaacha viazi vitamu, akaacha miwa. Mbwa hakuna, mtego hakuna.

Makame akasema, "Mke wangu, leo Mungu ametuona."

Siwatu aliogopa maji ya kijito, akabaki na mizizi yake ya upande wa huku. Makame akavuka. Akala jioni. Akala alfajiri. Akala mchana, hata njaa haijamwita. Akanenepa, akapendeza, majirani wakamsifu.

Mvua zikaja, zikapita. Miiba ya Makame ikafifia, ikaanza kudondoka. Magoti yakamuuma. Macho yakaingia ukungu. Siku moja kanga mmoja mgeni akapita pale mlangoni, akasema kwa adabu, "Hujambo, dada Siwatu? Na wewe mzee, baba yake, shikamoo."

Makame akaitikia, "Marahaba." Kisha akaingia ndani, akageukia ukuta.

Siwatu hakulala vizuri siku ile. Kulipokucha akaenda kwa Fisi.

"Kaka Fisi, mimi na mume wangu tulizaliwa msimu mmoja. Mbona yeye anazeeka, mimi bado?"

Fisi akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole, dada. Mwili wake umepungukiwa. Mwongeze chakula. Mimi mwenyewe nitakuletea."

Na kweli akaleta. Kila siku aliweka mihogo mlangoni, na kila siku alichungulia ndani aone Makame amebakiwa na miiba kiasi gani. Makame akala, na miiba ikazidi kudondoka.

Siwatu akaenda kwa Ngiri.

"Shemeji Ngiri, mimi na mume wangu tulizaliwa msimu mmoja. Mbona yeye anazeeka, mimi bado?"

Ngiri akasema, "Uzee hauna dawa, shemeji. Kaa naye kwa wema, basi."

Siwatu akarudi, akaketi nje ya shimo lake, akalia. Mchwa mmoja, mama wa makamo, alikuwa akipita na udongo mdomoni. Akautua.

"Jirani, unalilia nini?"

Siwatu akamweleza yote, tangu kijito mpaka kanga.

Mchwa akasema, "Hapa kwetu wapo walinzi wanaoonja kila kinachoingia. Chakula kikija, wanatuamrisha tujenge, tuongeze vyumba. Chakula kikipungua, wanatuamrisha tuache kujenga, tuzibe nyufa, tutoe taka. Unakijua kile kichuguu cha bondeni?"

"Kilichoporomoka?"

"Hicho. Mti mkubwa uliangukia pale. Wakawa na chakula bila kikomo. Wakajenga, wakajenga, na amri ya kuziba nyufa haikutolewa hata mara moja. Mvua ya kwanza ikakilaza chini. Mwili nao una waonjaji wake, jirani. Mumeo hajawapa wake nafasi ya kusema, 'Sasa zibeni.' Apunguze kula."

Siwatu akashukuru, akakimbia nyumbani, akaifukia mihogo yote. Akamwambia mumewe, "Leo huli. Kesho huli. Na keshokutwa huli."

Makame akakaa na njaa. Akatetemeka, akashindwa kusimama. Siwatu akaogopa, akarudi kwa Mchwa mbio.

"Mama, anakufa."

"Nilikwambia apunguze, sikukwambia umuue," Mchwa akasema. "Kibarua asiyekula kabisa atazibaje ufa? Mpe, ashibe kiasi. Kisha afunge mdomo mpaka jua lizame tena. Na umpe majani na mizizi ya porini, siyo mihogo na miwa tu."

Siwatu akarudi na mizizi michache. Akaiweka mbele ya mumewe, naye akaketi kando yake.

"Nilikosea, mume wangu. Kula. Tutakula pamoja, tutaacha pamoja."

Makame akamtazama. "Ng'ambo kuna chakula kingi, Siwatu. Kinaniita."

"Najua kinakuita. Mimi pia nakuita."

Makame akala kidogo, akaacha. Siku za mwanzo alinung'unika. Usiku mwingine alifika mpaka ukingo wa kijito, akasimama, akarudi. Taratibu magoti yakaacha kuuma. Miiba mipya ikachomoza, mifupi lakini migumu.

Fisi hakuyajua hayo, maana Siwatu sasa aliipokea mihogo nje asichungulie, kisha akaifukia. Alihesabu kwamba mzee sasa ni nyama laini. Akaingia shimoni bila hodi, pua mbele. Makame akageuza mgongo, akakurupuka. Fisi akatoka na miiba puani, akilia njia nzima, wala hakuleta mihogo tena.

Lakini Makame hakurudi kuwa kijana. Ukungu wa macho ulipungua, haukuisha. Ile miaka aliyoila kule ng'ambo ilikwenda. Aliyopata ni mingine: aliishi akaona watoto wa watoto wake, akawafundisha kufukua mizizi, na jua lilipozama aliketi na Siwatu, wakala, wakaacha wakiwa bado na nafasi tumboni.

Mjukuu mmoja alimwuliza, "Babu, huoni tabu kuacha chakula kitamu?"

Makame akasema, "Naona tabu kila siku. Kisha namtazama bibi yako."

Basi wenzangu, funzo ni hili: mwili unahitaji kula, na unahitaji kupumzishwa kula ili ujitengeneze. Anayeulisha bila kuupumzisha anauzeesha, na anayeunyima kabisa anauua. Na ukimpenda mtu, usimwachie kazi ya kujizuia peke yake.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeipenda aibebe aende nayo nyumbani. Asiyeipenda aniachie, nitaibeba mwenyewe.