Mjukuu wa Mfaume Kilanga

Maganga, mtunza nyaraka, alizeeka akifukua majina ya watu. Alipofukua la kwake alikuta Maganga mmoja tu, mpagazi wa Unyamwezi aliyeutupa mzigo njiani akatimua mbio. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe, watu wasije wakamtangulia kumcheka.

Siku moja mwenyekiti wa bodi ya nyaraka, tajiri Mfaume Kilanga, akamwita akiwa na kitabu cha kale mkononi.

"Mwandishi wa kitabu hiki cha tiba ana jina langu. Kesho kwenye karamu utangaze kuwa ni babu yangu. Ukishindwa, kazi huna, kafukue mihogo."

"Majina hugongana, mzee. Huyu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe."

"Basi kuanzia leo na mimi ni Mzaramo."

Kesho yake Maganga akasimama mbele ya wageni. "Mheshimiwa, kumbukumbu zataka kauli yako. Mzaramo huyu ni babu yako kweli?"

"Mzaa baba," tajiri akajibu, kifua mbele.

Maganga akaenda meza kuu, akavaa koti la tajiri lililotundikwa kitini, akajitwika sinia la mbuzi mzima, akashika njia ya mlangoni.

"We, unakwenda wapi na mbuzi wangu?"

"Nyumbani, mtani. Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu enzi, na cha mtani hakina mwenyewe. Kesho nafuata kitanda."

Ukumbi ukaangua kicheko. Tajiri akafura. "Rudisha! Mimi si Mzaramo, na huyo mwandishi simjui hata kwa dawa."

Maganga akalitua sinia taratibu, akavua na koti.

"Mmemsikia wenyewe. Mbuzi huyu hapa, jamani. Ukoo wetu mzigo haufiki."