Majivu ya Wabanguaji

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Maana yake ni kwamba ugonjwa hauna adabu ya kukaa ulikofichwa. Ukiufungia mlango, hutokea dirishani, tena na wenzake. Nathanaeli, msimamizi wa kiwanda cha korosho kilichokuwa nje kidogo ya Newala zama za Mwingereza, aliijua methali hii tangu shule ya misheni. Aliijua kwa ulimi tu.

Kiwandani humo wanawake arobaini walibangua korosho kwa nyundo za mti, kila mmoja juu ya mkeka wake. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochubua ngozi, hivyo kila asubuhi walijipaka majivu mpaka viwikoni. Maji yalikuwa ya kubahatisha, kama ilivyo Newala siku zote: pipa moja, kata moja, midomo arobaini. Miongoni mwao walikuwemo Emilia, aliyeitwa Mama Safari, na mdogo wake Priska, waliotoka Lupaso kutafuta riziki.

Jumatatu moja Priska aliamka mwili ukimwaka moto. Siku ya nne malengelenge yakamtoka usoni na mikononi.

“Mafuta hayo,” alisema Nathanaeli. “Mpake majivu zaidi, Mama Safari. Meli inasubiri Mtwara. Asiyebangua leo, kesho asije.”

Emilia aliamini. Nani katika wabanguaji hakuwahi kuungua? Alichota majivu kwa mikono yake mwenyewe, akampaka mdogo wake taratibu kama anayempaka mtoto mafuta, akamketisha kazini. Kitendo hicho kilimuuma hadi uzeeni.

Baada ya siku mbili, alipokuwa akimwosha miguu, alikuta malengelenge kwenye nyayo. Alikwenda moja kwa moja hadi ofisini.

“Shikamoo, Baba Julia,” alimsalimu Nathanaeli.

“Marahaba. Umeacha kazi?”

“Tangu lini korosho zikabanguliwa kwa nyayo? Priska ana ndui. Wengine watatu wameanza kutokwa na malengelenge. Bwana afya yuko hapo Newala, ana chanjo. Tumwite.”

Nathanaeli alisukuma mlango ukafungika. “Akija atafunga kiwanda mwezi mzima. Mwenye kiwanda atamuuliza nani?”

“Na mimi nikimpoteza mdogo wangu, nimuulize nani?”

“Ukilitamka tena neno hilo, mtarudi Lupaso wote wawili leo hii.”

Mtu mzima aliyesomeshwa, anayesoma Neno mbele ya watu kila Jumapili, aliweka roho za watu na magunia ya korosho kwenye mizani moja, akaona magunia ni mazito zaidi. Na chanjo ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu. Uovu ulioje!

Emilia hakulitamka tena neno hilo mbele yake. Alimnong'oneza Mohamedi, aliyeleta maji kwa punda, naye akaufikisha ujumbe mjini. Kesho yake bwana afya alionekana kwa mbali akikokota baiskeli mchangani. Nathanaeli naye alimwona. Haraka haraka aliwaingiza wagonjwa wote wanne ghalani, nyuma ya magunia, akafunga mlango kwa komeo.

“Mikono hii ina nini?” aliuliza bwana afya alipopita kati ya mikeka.

“Majivu tu, bwana. Kinga ya mafuta ya korosho. Hapa hatuna mgonjwa.”

Bwana afya alikuwa anafunga daftari lake Emilia aliposimama.

“Bwana, hesabu mikeka. Iko arobaini. Sisi tuko thelathini na sita.”

Hakungoja ruhusa. Alikimbilia ghalani, akachomoa komeo, akasukuma magunia kando. Watatu walikuwa wakitweta kwa joto. Priska alikuwa amelala ubavu, majivu mikononi, baridi.

Kilio cha Emilia kilisikika hadi barabarani. Wanawake waliacha nyundo wakakipokea, na Nathanaeli hakuwa na gunia la kukifunikia.

Siku hiyo hiyo kiwanda kilifungwa, na hakikufunguliwa kwa miezi minne. Watu tisa walizikwa. Nathanaeli alifukuzwa kazi, akapelekwa bomani kujibu mashtaka. Lakini kabla hajaondoka, bwana afya aliwapanga wote uani kwa chanjo, naye Nathanaeli akaambiwa akunje mkono wa shati.

Begani palikuwa na kovu la mviringo.

“Ulichanjwa lini?” aliuliza bwana afya.

“Shuleni,” alijibu Nathanaeli, macho chini. “Na mwaka juzi tena.”

Emilia alilitazama kovu lile, kisha mikono yake, ambayo bado ilikuwa na majivu ya asubuhi.

“Kumbe kinga uliijua, Baba Julia,” alisema. “Sisi ukatupa majivu.”

Nathanaeli alishusha shati kulifunika kovu, lakini uani pale hapakuwa na mtu ambaye hakuwa ameliona. Ama kweli, mficha maradhi kilio humfichua.