Shali ya Matundu

Paukwa!

"Pakawa!"

Aka! Mmeitika kama watu waliolala na njaa. Hadithi hii ina baridi ndani yake, itikieni kwa kifua. Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya, sasa mko hai. Zamani hizo, zamani za kale kwelikweli, kulikuwa na kijiji juu mlimani. Juu kabisa. Kila mwaka ulishuka Ukungu Mkubwa, ukakaa siku kumi na mbili. Mbuzi hawatoki. Kuku hawatoki. Hata wambea hawatoki, kila mtu kajifungia kwake. Na mkisikia kijiji ambacho wambea hawatoki, jueni hiyo si baridi ya mchezo.

Huko aliishi mzee mmoja, Babu Mrindoko. Mzee mfupi, mkaidi, mchunga kondoo. Ujanani alifika nchi ya mbali ya wachungaji, mvua ikamzuia huko mwezi mzima, na kwa kukosa la kufanya akajifunza kwa wenyeji kufuma sufu kwa vijiti viwili. Aliporudi akawa anajifumia kofia huku anachunga. Kijiji kilimcheka jamani! Wanaume wa kule walisuka nyavu za kuwindia, wanawake walisuka mikeka, na sufu ilikuwa kitu cha kujazia mito. Sasa huyu anatembea nyuma ya kondoo na vijiti vyake, ta-ki, ta-ki, ta-ki. Walimcheka mpaka wakazoea.

Basi binti yake Namkunda akajifungua kabla ya miezi kutimia. Mume wake hayupo, kashuka tambarare na wenzake kufuata chumvi. Mtoto wa kike. Mdogo, mdogo, mdogo! Ukimweka viganjani, nafasi inabaki. Hata kulia hakuweza. Alitoa kisauti tu: nyii. Basi.

Desturi ya kijiji ilikuwa kumfunga mtoto mchanga kwa ngozi ya kondoo. Mkunga wao, Bibi Kirumbe, alikuwa amewafunga hivyo watu wote wa kijiji kile, wakiwamo wenye ndevu. Akaleta ngozi, akamfunga mtoto. Kifua kikashuka chini ya uzito wa ngozi, kupanda hakipandi. Wakamfungua upesi. Midomo ikaanza kuwa ya bluu kwa baridi. Wakamfunga. Kifua kikazama tena! Wakamfungua. Mwishowe Namkunda akamnyakua mwanawe, akamlaza kifuani pake, akajifunika naye. Hapo mtoto akatulia.

Siku ya tatu, Namkunda akashikwa na homa. Anatetemeka, meno yanagongana. Wanawake wa jirani wakaanza kupokezana mtoto, kifua kwa kifua.

Bibi Kirumbe akamwita Babu Mrindoko mlangoni.

"Mrindoko, siku sita tu Ukungu unashuka. Ukishuka, kila mwanamke atajifungia kwake na watoto wake. Hakutakuwa na wa kupokezana. Na binti yako hana nguvu za kumshika peke yake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitamfunga ngozi, Mungu aamue."

"Ngozi itamuua, Kirumbe. Umeiona kwa macho yako."

"Na baridi itamfanya nini?"

Babu Mrindoko aliumia. Alitoka pale, akaenda kusimama zizini kwenye manyunyu, maana mwanaume wa kule akitaka kulia huenda kuhesabu kondoo.

Sasa tazameni alichokiona. Kondoo mmoja alikuwa amelala kwenye matope, manyoya yake yamegandamana, naye anatetemeka. Kando yake kasimama jike kizee, kijiji kizima kilimjua, jina lake Shangazi. Manyoya yake yamefutuka hivi, ana umande mgongoni, anacheua kana kwamba yuko kwake jikoni. Babu Mrindoko akazamisha vidole katika manyoya ya Shangazi. Juu, maji. Ndani, pakavu. Ndani zaidi, joto! Akapapasa. Kati ya unywele na unywele hapakuwa na kitu, ni nafasi tupu.

"Kumbe!" akasema. "Joto halikai kwenye manyoya. Linakaa katikati yake."

Akarudi mbio, kama mzee anavyoweza kukimbia.

"Kirumbe! Nitafuma shali. Ya uzi mnene, uliosokotwa kwa kulegea. Na nitaiachia matundu, iwe kimia, kama wavu."

"Itakuwa na nini?"

"Matundu. Iwe nyepesi, mtoto apumue. Nikiikunja mara mbili, joto litanaswa humo ndani."

Bibi Kirumbe akamtazama. "Mtoto anakufa kwa baridi, wewe unamletea nguo yenye matundu. Homa ni ya binti yako au ni yako?"

"Siku sita," akasema Babu Mrindoko. "Nipe siku zangu sita."

Akamnyoa Shangazi, akamfunga mgongoni ngozi yake mwenyewe ya kulalia. Akaosha sufu, akaikausha motoni, akasokota uzi mnene kama kidole cha mtoto. Siku mbili hizo zimekwenda. Akachonga vijiti viwili vinene, akaketi kizingitini kwa Namkunda, akaanza. Mseme na mimi, maana ndivyo alivyosema yeye:

Ingia! Zunguka! Vuta! Toka!

Kijiti kinaingia kitanzini, uzi unazunguka, anauvuta, kitanzi kipya kinatoka. Akitaka tundu, anauzungusha uzi bure juu ya kijiti, kisha anavifunga vitanzi viwili kwa pamoja, tundu likabaki limeshikwa pande zote. Ta-ki, ta-ki, ta-ki. Ingia, zunguka, vuta, toka! Vidole vikavimba. Akavitia maji ya moto, akaendelea.

Jioni ya siku ya nne ya zile sita, shali ilikuwa imevuka nusu. Jirani yake, Mzee Semboja, msusi wa nyavu, akaja kuchungulia.

"Hongera bwana. Kweli utamaliza."

Babu Mrindoko alikuwa ameinamia magoti, kidole kimesimama mahali pamoja. Chini kule, safu ya tatu tangu mwanzo, kitanzi kimoja kilikuwa kimemponyoka.

"Nini?" akauliza Semboja.

"Kimoja kimeniponyoka. Hapa."

Semboja akatazama, akacheka kicheko cha kweli, cha tumboni. "Mrindoko, nguo nzima ni matundu! Tundu moja kati ya matundu mia mbili, nani ataliona?"

"Haya mia mbili nimeyaacha mimi. Kila moja limeshikwa. Hili limejitokea lenyewe, halikushikwa na kitu. Mtoto atapiga teke, kitanzi kitakimbia, cha juu yake kitakifuata, na shali itafunguka katikati ya Ukungu, mimi sina hata sufu ya kuizibia."

"Sasa utafanya nini?"

Akachomoa vijiti. Akashika ncha ya uzi. Akavuta.

Prrrrrrr!

Semboja akafumba macho. Namkunda, kitandani na homa yake, akainua kichwa. "Baba! Baba, usifumue! Zimebaki siku mbili!"

"Ndiyo maana nafumua leo, mwanangu. Kesho nitakuwa nimechelewa."

Prrrrr! Safu ya kumi, ya tisa, ya nane. Msidhani hakuumia. Machozi yalimtoka waziwazi, yakadondokea kwenye uzi. Lakini mkono haukusimama. Akafika safu ya tatu, akakikamata kitanzi kile, akakirudisha kijitini. Semboja akaketi kando yake, akaanza kumviringia uzi uliofumuliwa usijisokote. Mtu wa nyavu, alijua shida ya uzi.

Ingia! Zunguka! Vuta! Toka!

Siku ya tano, usiku na mchana, ingia, zunguka. Siku ya sita asubuhi, vuta, toka. Ukungu ukaonekana kwenye kilele cha mlima. Adhuhuri akafunga kitanzi cha mwisho. Wanawake wakakusanyika kuiona shali.

Maskini! Ilikuwa kitu gani kile? Imejikunyata, imejikunja, mavimbemavimbe. Matundu hayaonekani. Ndogo kama kifutio cha vyungu.

Bibi Kirumbe akaifungua ngozi yake begani. "Umejitahidi, Mrindoko. Hakuna atakayesema hukujitahidi. Sasa nipe mtoto."

"Nipe maji ya moto," akasema Babu Mrindoko.

Akaitumbukiza shali yote majini, chubwi! Wanawake wakapiga yowe: Ukungu uko mlangoni, mzee anailowesha nguo ya mtoto! Mzee hakugeuka. Akaikamua taratibu kati ya mikeka miwili, akaitandaza kando ya moto, akaanza kuivuta. Kona hii, mwiba. Kona ile, mwiba. Ukingoni mwiba, mwiba, mwiba, yote imechomekwa kwenye mkeka. Na kadiri alivyovuta, shali ikafunguka. Yakatokea matundu, safu kwa safu, yamejipanga kama vijani vya mkangaga kwenye uti wake. Kile kifutio cha vyungu kikawa nguo ya kumfunika mtu mzima.

"Yalikuwemo," Namkunda akanong'ona.

"Yalikuwemo muda wote," akasema baba yake.

Moto ukaikausha. Uzi ukafutuka kama manyoya ya Shangazi. Wakang'oa miiba. Ukungu ukashuka, fuuuu, ukafika mlangoni. Babu Mrindoko akaikunja shali mara mbili, akamzungushia mjukuu wake. Wote wakakitazama kile kifua.

Kikashuka. Kikapanda. Kikashuka. Kikapanda.

Bibi Kirumbe akapitisha mkono ndani ya shali. Akauacha humo kwa muda mrefu. Halafu kidole kidogo kikachomoza kwenye tundu moja, kikashika kucha ya mkono wake mwingine uliokuwa juu ya shali. Mkunga mzima, aliyepokea kijiji kizima, akaangua kilio.

"Pana joto," akasema. "Mrindoko, humu ndani pana joto."

Siku kumi na mbili Ukungu ulikaa. Siku ya kumi na tatu jua likatoka, Namkunda akatoka kwa miguu yake, na mtoto mkononi anapiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Wakamwita Nakiete. Bibi Kirumbe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kwa Babu Mrindoko na vijiti viwili. Akasema, "Nionyeshe, na usinicheke."

Miaka ikaenda. Nakiete akawa msichana mkubwa, na macho ya Babu Mrindoko yakazimika. Mwaka ule, kabla ya Ukungu, Nakiete akaketi kizingitini kumfumia babu yake shali. Ta-ki, ta-ki, ta-ki. Mzee kaketi kando, anaota moto, anasikiliza.

Shali ilipovuka nusu, vijiti vikanyamaza.

Nakiete alikuwa ameona. Chini kule, kitanzi kimoja kimeponyoka. Akamtazama babu yake. Babu haoni. Mama yuko shambani. Hakuna mtu mwingine pale. Na Ukungu uko karibu, na vidole vinauma, na nguo nzima ni matundu.

Halafu Babu Mrindoko akasikia: prrrrrrr!

Mzee akatabasamu mpaka fizi zikaonekana.

"Safu ya ngapi?" akauliza.

"Ya tano, Babu."

"Haya. Ingia."

"Zunguka," akasema Nakiete.

Na hadi leo, huko mlimani, mtu akimaliza kazi yoyote, iwe nyumba, iwe ua, iwe maneno ya kusuluhisha ndugu, wazee humuuliza swali moja tu: "Limeshikwa?" Wanangu, hakuna kazi ya mtu isiyo na tundu. Ulilolijua ukaliacha kwa makusudi, lishike pande zote. Lililokuponyoka, rudi ulifuate, hata kama anayekungoja haoni.

Mimi hadithi yangu nimeifunga kitanzi cha mwisho hapa. Ivuteni mkaichomeke miiba wenyewe, matundu yake yaonekane.