Kona ya Bibi Punda

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa nini?
Utuambie wewe.
Haya, pakawa shimo. Shimo la makaa ya mawe, jeusi, linaloshuka chini mpaka ukilitazama huoni mwisho. Sogeeni karibu. Na wewe huko nyuma acha kutafuna, maana hadithi hii ina mtu aliyenyimwa jani.

Mwenye shimo alikuwa Kifaru. Kifaru hakubeba makaa. Kifaru alikaa juu, kwenye ghala, akila majani na kuamrisha. Waliobeba ni punda, na mkubwa wao alikuwa Bibi Punda, ambaye magoti yake yalikuwa yamechakaa. Asubuhi anashuka, ko, ko, ko. Jioni anapanda na gunia, ko... ko... ko.

Fundi wa njia za shimoni alikuwa Fuko. Fuko ana mikono ya kuchimba, lakini macho, Mungu hakumjalia. Jua kwake ni weupe tu. Basi kila jioni Bibi Punda alishusha gunia lake, akasimama karibu na tundu la Fuko, na Fuko akauliza:

"Bibi, jua likoje leo?"

"Leo limeiva, mjukuu wangu. Limeiva kama papai, na lina kiwingu shingoni."

Ndipo Fuko akalala. Niseme wazi, yule Fuko alimpenda yule bibi kuliko mihogo, na fuko kupenda kitu kuliko mihogo si jambo dogo.

Shimo likachimbwa, likazidi kushuka, mpaka njia ya zamani ikabaki inaning'inia. Kifaru akamwita Fuko, akamtaka apige njia mpya, iliyonyooka kama fimbo kutoka chini mpaka ghalani. Fuko akamweleza kwa adabu kwamba mlima mkali huzungukwa. Njia huinuliwa mgongo ili maji yaende pembeni, pembeni huwekwa mifereji, na ukingoni hupigwa tuta ili mwenye mzigo asitumbukie. Kifaru akajibu kwamba njia ya kuzunguka italalia makaa yake, na mifereji itakula nafasi yake. Tuta ni la waoga. Kisha akatoa sheria, na wanyama wote wakaisikia.

"Asiyefika juu na mzigo wake kabla ya jua kuzama, alale huko huko shimoni. Na asipelekewe jani."

Fuko akarudi tunduni mwake akiyawaza yale magoti ya bibi. Bibi Punda angepanda njia ile iliyosimama kama ukuta siku moja, labda mbili. Siku ya tatu angelala chini, na ya nne, na hakuna ambaye angesimama mlangoni kumwambia Fuko habari za jua. Akalia. Machozi ya fuko ni madogo, lakini yapo. Akajifuta, akarudi kwa Kifaru, akasema, "Ndiyo, Bwana Mkubwa."

Chaku chaku chaku, akachimba. Njia ikanyooka kama fimbo. Bila mgongo, bila mfereji, bila tuta, vile vile kama alivyoagizwa. Katikati ya mlima shavu lake likagusa udongo wa mfinyanzi, na nyuma ya udongo akasikia ti, ti, ti. Maji. Akayasikiliza vizuri, akajua yatatokeza baada ya siku mbili.

Basi akamwendea Kifaru, akamwambia njia iko tayari, ila kuna desturi ya mafundi. Njia huzinduliwa na mwenyewe, mzigo mgongoni. Ikitanguliwa na punda, itaitwa njia ya punda mpaka mwisho wa dunia. Na siku njema ya kuzindua ni kesho kutwa. Kifaru akauliza abebe magunia mangapi. Fuko akasema yeye ni nani hata ampimie mkubwa mzigo.

"Kumi," akasema Kifaru.

Kesho kutwa ikafika. Wanyama wote wakajipanga juu. Kifaru akashuka, akateleza kidogo, akajifanya anacheza ngoma. Akafungwa magunia kumi. Akapanda, du, du, du. Maji nayo ti, ti, ti. Katikati ya mlima, tereee... pu! Akarudi chini. Akapanda tena, du, du, du. Ti, ti, ti. Tereee... pu! Akapanda mara ya tatu, du, du. Hata hakufika kwenye maji.

Jua likazama. Hakuna aliyecheka, maana wote walikuwa na akili.

"Bwana Mkubwa," Fuko akaita kutoka juu, "tubadili sheria au tubadili njia?"

Kifaru akatazama wanyama wanavyomtazama. "Neno langu halibadiliki," akasema. "Badilini njia."

Basi akalala shimoni bila jani. Asubuhi Bibi Punda akasukuma kitita cha majani kwa pua mpaka kikaanguka kule chini. Alipoulizwa, alisema ni upepo. Watu wazima wakakubali kwamba ni upepo. Kifaru akala ameinamisha uso, kisha akamwita Fuko mwenyewe.

"Njia izunguke?" Fuko akauliza.
"Izunguke."
"Hata ikilalia makaa?"
"Ilalie."
"Mifereji?"
"Iwekwe."
"Tuta?"
"Lipigwe. Linifike tumboni."
"Na penye kona, pawe na tambarare ya mtu kuvuta pumzi?"

"Pawe," akasema.

Wakaijenga siku tatu, wakashindilia kokoto juu yake, na kila asubuhi upepo uliangusha majani. Siku ya nne Kifaru akapanda na gunia moja, akafika jua bado liko juu. Akatangaza kwamba njia ameibuni yeye. Fuko akawa wa kwanza kumpongeza.

Jioni ile Bibi Punda akapanda, ko, ko, ko, mpaka kwenye kona inayotazama magharibi. Akasimama kupumua. Pembeni ya tuta akaona tundu jipya, na pua ndogo imechomoza.

"Bibi, jua likoje leo?"

"Leo sioni vizuri, mjukuu wangu, macho yamejaa maji. Lakini lina joto. Toka nje ulihisi mwenyewe."

Fuko akatoka. Wakasimama wote wawili, bega kwa goti, mpaka jua likaisha.

Funzo la hadithi hii ni kwamba mkubwa hakosei, njia fupi ndiyo njia, na mdogo asimfundishe mwenye pembe kazi. Nimelisema kama nilivyoagizwa. Hadithi yangu imefika kwenye kona. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa nzito, niachieni mimi, nitaipandisha polepole.