Sikio la Mnara wa Usinge

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wahenga waliotuachia methali hii hawakuwahi kuuona mnara wa redio, lakini ungedhani walikaa chini yake wakimtazama fundi wake, Amon. Walimaanisha kwamba utulivu usio wa kawaida si wa kuchekelea. Mara nyingi umeficha jambo kubwa, na jambo hilo likitoka, hutoka kwa kishindo.

Mnara wenyewe ulikuwa Usinge, katika ua wa chama cha wafuga nyuki. Kila kiangazi warina asali waliingia msituni na redio za mkononi, redio dhaifu ambazo sauti yake ilifika mnarani ikiwa hoi. Kwa hiyo huko juu kabisa, kando ya antena, kilifungwa kisanduku cha kukuza mawimbi, ili sauti itiwe nguvu kabla haijashuka kwenye waya mrefu hadi chumba cha redio. Wenyewe walikiita sikio, maana kazi yake ilikuwa kusikia tu; sauti ya kwenda msituni haikupitia humo. Ndani yake mlikuwa na vikuza viwili: kimoja kikifa, cha pili kiliendelea na kazi, na kengele ililia chumbani ili fundi apande akatengeneze.

Apolinaria ndiye aliyekuwa akisikiliza redio hiyo. Kambi za msituni hazikuweza kusikiana zenyewe, hivyo alipokea neno la huku na kulipeleka kule. Mumewe, Mhoja, alikuwa Kambi ya Bondeni. Lakini aliyefungua siku kila asubuhi ni Masolwa wa Kambi ya Mlimani, rafiki wa Mhoja, mtu asiyejua kunyamaza.

"Mnara, mnara! Shemeji, umeamka au bado unakoroma?"

"Nimeamka, wewe mwizi wa nyuki!"

Asubuhi moja hakuna aliyemtania. Apolinaria aliita Mlimani, kimya. Akaita Bondeni, kimya. Akarudia tena na tena, na redio ikamjibu kwa mchakacho mtupu. Akatoka nje.

"Shikamoo, Baba Stela," alimwambia Amon, fundi wa mnara, aliyekuwa akinywa chai barazani. "Redio haijasema neno tangu nimeingia."

"Marahaba. Si ndiyo raha yenyewe hiyo? Leo Masolwa kajaza masega mdomoni."

"Masolwa mdomo ukijaa ndipo anapoongea zaidi."

Amon alicheka. Alichukua redio ya mkononi, akasimama katikati ya ua na kusema, "Moja, mbili, unanipata?" Sauti yake ikanguruma chumbani. "Umeona? Mnara ni buheri wa afya!"

"Baba Stela, hata kiziwi humsikia anayempigia kelele sikioni!"

Apolinaria alirudi ndani mbio kutazama mita iliyoonyesha umeme unaotumiwa na kisanduku cha juu. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri. Sikio lilikuwa limekufa kabisa, vikuza vyote viwili, na kengele ilipaswa kulia tangu kilipokufa cha kwanza. Akainama kuangalia. Swichi ya kengele ilikuwa imezimwa.

"Nani kaizima hii?"

Amon alikuwa amemfuata hadi mlangoni. "Juzi ilianza kulia wakati wa mpira. Nikajua cha pili bado kipo, nitapanda wiki ijayo. Nikainyamazisha."

"Na cha pili kimekufa, na hakuna wa kutuambia! Mume wangu yuko huko, Baba Stela!"

Tusimnyime mtu haki yake: Amon alikuwa mvivu wa masikio, si wa miguu. Kikombe chake kilipinduka barazani alipokipita mbio, na mara alikuwa amefunga mkanda wa kupandia na kuning'iniza kisanduku cha akiba mgongoni. Apolinaria alikata umeme wa kisanduku, kisha akabaki akitazama juu huku ameshika kifua. Upepo wa kiangazi ulimyumbisha fundi huyo huku akifungua, akifunga na kukaza waya.

"Washa!" Amon alipaza sauti.

Apolinaria akawasha. Mshale ukatetemeka, ukainuka, ukasimama pale pale unapotakiwa. Na papo hapo chumba kikalipuka kwa sauti.

"Mnara! Moto! Jamani, mnara, moto!" Alikuwa Masolwa, sauti imemkauka. "Shemeji, unaniuliza kama nipo, nakujibu, unaniuliza tena! Moto unateremka bondeni, upepo unausukuma kwa Mhoja! Waambie wavuke mto!"

Apolinaria hakungoja amalize. "Bondeni! Bondeni! Mhoja!"

"Nipo, mke wangu. Mbona ulikuwa hutujibu?"

"Moto unawajia! Vukeni mto sasa hivi, mkae ng'ambo!"

"Moto? Moshi tunaunusa tangu asubuhi, tukadhani ni wa mienge yetu ya kufukuzia nyuki. Na asali tuliyorina?"

"Asali nitaila na nani? Kimbia, Mhoja!"

Redio ikanyamaza tena. Amon alishuka akaja kusimama mlangoni, mkanda bado uko kiunoni, na safari hii hakuthubutu kuuita ukimya huo raha. Apolinaria aliomba kimoyomoyo. Mto ulikuwa umekauka, mchanga mtupu, na moto usingepata cha kula pale, ikiwa tu wangewahi kufika.

Ndipo sauti ikaja, ikihema na kukohoa. "Mnara, tumevuka. Sote. Mizinga inateketea, lakini watu wote tuko ng'ambo!"

Apolinaria alicheka na kulia kwa pamoja. Masolwa alipoambiwa, alipiga vigelegele kama mama wa bwana harusi. Amon akaomba kipaza sauti.

"Mhoja, Masolwa, ni mimi niliyeizima kengele. Nusura niwaue. Nisameheni."

Mhoja ndiye aliyejibu. "Tutakusamehe, Baba Stela. Lakini mizinga mipya utachonga wewe."

Amon alichonga, mpaka viganja vikaota sugu. Na siku hizi mgeni akiusifu utulivu wa chumba cha redio, Amon huacha chai yake ipoe, akaenda kuutazama mshale wa mita kwanza, kwa maana sasa anajua kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.