Mashavu Apelekwa kwa Bi Kakakuona

Paukwa!

Pakawa!

Wadogo, sogeeni mbele. Wakubwa, msiondoke, hii ni yenu pia. Paukwa tena.

Pakawa.

Hapo zamani, zamani za kale sana, palikuwa na kundi la nguchiro. Walikaa ndani ya kichuguu kikuukuu, kando ya mto uliopungua maji. Walikula pamoja. Walitembea pamoja, kwa mstari. Na wakilala walilaliana, huyu juu ya huyu, kama viazi kwenye gunia.

Walikuwa na desturi moja. Mtoto akishang'oa meno ya utoto, hupanda juu ya kichuguu, akasimama kwa miguu miwili, akashika zamu. Wenzake wanakula, yeye anatazama juu. Kukiwa salama anaimba, chi, chi, chi. Akimwona mwewe anakata wimbo, na wote wanaingia shimoni. Zamu ilianza kivuli cha kichuguu kikiwa kirefu, ikaisha kivuli kikiwa hakipo.

Sasa, alikuwepo mtoto mmoja, jina lake Mashavu. Meno alikwisha kung'oa. Akapanda kichuguu. Akasimama. Akaimba, chi, chi. Mara akaona panzi wa kijani. Panzi akaruka, na Mashavu naye huyo. Alipomkosa panzi akaona unyoya. Aliposhika unyoya akasikia mchwa chini ya ardhi, kwaru, kwaru, kwaru, akachimba. Zamu akaisahau. Si kwamba aliidharau. Ilimtoka tu, kama maji yanavyotoka kiganjani.

Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili walimkemea. Mara ya tatu mwewe alishuka, vwaaa, akampitishia ukucha mgongoni Kidawa, binamu yake Mashavu. Kidawa alipona, lakini alibaki na mstari mwekundu usioota manyoya.

Tangu siku hiyo watoto walimwacha Mashavu. Walimwita Chechele, jina la mtu anayepita hata mlango wa kwao bila kujua. Akikaribia penye chakula, walihamia upande mwingine. Hawakumfukuza, walihama tu. Mama zao hawakuwatuma, na hawakuwakataza. Wakati wa kulala walijibana ili nafasi isipatikane, na Mashavu akajikunja mlangoni mwa shimo, mkia wake ukiwa ndio shuka. Alijaribu kuhesabu pumzi za wenzake kule ndani. Akifika sita, hesabu inapotea. Anaanza moja.

Mto ukazidi kupungua. Bi Shinuna, mkuu wa kundi, nguchiro mzee mwenye sikio lililochanika, akatangaza kwamba baada ya siku saba watahamia ng'ambo. Kisha akamwita Mwanakombo, mama yake Mashavu. Akamwambia kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma.

"Mpeleke mtoto kwa Bi Kakakuona amtazame. Tujue ana nini, tujue la kufanya. Tusipojua, Mwanakombo, siwezi kumweka kwenye mstari akamponza mwingine. Itabidi mbaki hapa, wewe na yeye."

Mwanakombo akasema amesikia. Nguchiro wawili peke yao, kando ya mto mkavu. Alijua maana yake.

Bi Kakakuona aliishi kwenye korongo kavu, mwendo wa asubuhi nzima. Kazi yake ilikuwa kuwatazama watoto ambao wazazi wao wameshindwa kuwaelewa. Hachomi, hachanji, hanyweshi dawa chungu. Anauliza, anatazama, anachora mistari mchangani. Basi. Lakini hayo Mashavu hakuambiwa. Waliomwambia ni watoto wenzake, kwa mbali, kwamba kucha za Bi Kakakuona ni ndefu kwa sababu anafungua vichwa kuona kilichomo. Mashavu alipomwuliza mama yake wanakwenda kufanya nini, mama akasema wanakwenda kutembea tu.

Na hapo ndipo Mwanakombo alipokosea, jamani, na alikosea kwa mapenzi. Aliogopa mwanawe asije akaonekana ana kasoro. Kwa hiyo akamfundisha kutulia. Siku tatu mfululizo alimfunga mkia kwenye mzizi kwa jani refu, akaweka panzi mbele yake, akamwambia asimguse. Mashavu alitetemeka mwili mzima. Machozi yakamtoka. Lakini hakumgusa. Mama akamsifu. Kisha akamfundisha majibu.

"Akikuuliza kama unalala vizuri, sema ndiyo."

"Ndiyo."

"Akikuuliza kama una marafiki, sema ninao sita."

"Nimtaje nani?"

Mama akatazama kule watoto walikokuwa wakichimba pamoja. Akaanza kuwataja wale wale waliomhama mwanawe, Kidawa wa kwanza. Mashavu akayarudia majina sita, moja moja, polepole, kama anayeonja chakula cha nyumba nyingine.

Siku ya tano wakaenda. Walimkuta Bi Kakakuona akila mchwa, mtoto wake amempanda juu ya mkia. Akajifuta ulimi. Akamwambia Mashavu akae apendavyo. Mashavu akasimama kama jiwe. Panzi akapita, hakumtazama. Kitoto cha mkiani kikamtolea ulimi, hakucheka. Aliulizwa kama analala vizuri, akasema ndiyo. Aliulizwa kama ana marafiki, akasema anao sita, akawataja bila kukosea. Moyo ulikuwa unakwenda mbio, pu, pu, pu, lakini kwa nje hata sharubu haikutikisika.

Bi Kakakuona akachora mstari mmoja, akasita, akaufuta.

"Mama, mtoto niliyeonyeshwa ametulia kuliko huyu wangu," akasema. "Kwake sina la kusema."

Basi Mwanakombo alirudi akiimba. Alitembea mbele, mkia juu. Alisema Bi Shinuna atasikia leo leo, na kesho Mashavu atapanda kichuguu mbele ya wote, awaonyeshe.

Mashavu akasimama njiani. Kesho kichuguu. Kesho panzi. Kesho mwewe. Akauona mgongo wa Kidawa kana kwamba uko pale pale mbele yake. Na mama yake alikuwa anaimba, na hakuna mtu yeyote duniani aliyejua anachokijua yeye.

Akageuka. Puru, puru, puru, huyo kurudi korongoni. Kipepeo akapita, akamfuata hatua mbili, akarudi njiani. Unyoya ukapeperuka, akaufuata hatua tatu, akarudi njiani. Nyuma mama anaita, anaita. Mashavu hakusimama mpaka alipofika kwa Bi Kakakuona, anatweta.

"Nimekudanganya," akasema. "Sina rafiki. Hata mmoja. Ndani silali, nalala mlangoni. Na yule panzi nilimwona, alikuwa na mguu mmoja umekatika. Kama unafungua kichwa changu, fungua, lakini uone kilichomo kabla hawajahama."

Bi Kakakuona akaweka kucha zake zote chini, wazi wazi.

"Hizi ni za mchwa, mwanangu. Vichwa sifungui. Mama yako hakukuambia?"

Mwanakombo alikuwa ameshafika, vumbi hadi machoni. Mashavu akamtazama. Mwanakombo akajifuta vumbi machoni.

"Niliona aibu," akasema. "Wanasema mtoto huwa hivi kwa malezi. Hata mimi wenzangu hawali nami siku hizi, Mashavu. Sikutaka ujue."

Mashavu hakujua kwamba mama naye anakula peke yake. Alidhani hana njaa.

Bi Kakakuona akawaambia wakae, sasa waanze. Safari hii hakumsimamisha mtu. Mashavu akazunguka, akachimba, akauliza maswali mawili kabla la kwanza halijajibiwa, akagombana na kile kitoto cha mkiani, wakapatana. Bi Kakakuona akamwuliza mama mambo haya yalianza lini, na mama akasema kweli, tangu hajatambaa vizuri. Mistari mchangani ikawa mingi. Jua likapinda. Ndipo Bi Kakakuona akasema.

"Hajalogwa, si mvivu, si mkaidi. Na wewe hukumlea vibaya. Panzi, unyoya, mwewe, vyote vinamwita kwa sauti iliyo sawa. Nyinyi mnasikiliza kimoja, vingine vinasubiri. Kwake hakuna kinachosubiri. Ndivyo alivyo, na kesho atakuwa hivyo hivyo. Zamu yake iwe fupi, na juu asikae peke yake. Safarini atembee katikati, ashike mkia wa aliye mbele."

Njiani Mwanakombo hakuimba. Alitembea sambamba na mwanawe. Mashavu alipochepuka, alimngoja.

Walipofika, Mwanakombo alisimama mbele ya kundi akaeleza yote. Alieleza hata lile jani la kufungia mkia. Alieleza hata yale majina sita, na wenye majina walikuwa wanamsikia, wakatazama chini. Baadhi ya wakubwa walinung'unika kwamba zamu ni zamu, kila mmoja ameishika peke yake, kwa nini huyu abembelezwe. Bi Shinuna akawaacha wamalize. Kisha akasema sasa anajua la kufanya, na kwamba huko ng'ambo yeye mwenyewe atapanda kichuguu na mtoto huyu. Lakini mkia safarini ulikuwa jambo jingine, maana mkia ni wa mwenyewe. Akauliza nani atatoa wake.

Wengi wakaikunja mikia yao.

Mashavu akatazama kucha zake. Akahesabu hadi sita. Akaanza tena.

"Mimi bado mgongo unaniuma," alisema Kidawa, "na sijamsamehe." Akajikuna. "Lakini wangu ni mrefu. Ashike. Asiung'ate tu."

Siku ya saba wakahama. Mstari mrefu, chi, chi, chi, kushuka ukingo, kuingia kwenye tope la mto. Mashavu alikuwa katikati, mkia wa Kidawa mdomoni. Kereng'ende akapita juu ya maji, mwekundu, anang'aa mwili mzima. Mkia ukavutika. Kidawa akasimama, na mstari wote nyuma yake ukasimama. Hakugeuka. Alingoja mpaka mkia ulipolegea, akaendelea.

Zaidi ya hapo hakuna mtoto aliyezungumza na Mashavu siku ile. Lakini alifika ng'ambo. Na alipojitazama miguu, ilikuwa na matope yale yale ya wenzake.

Basi, watoto, mkipelekwa kutazamwa, nendeni mlivyo. Na wazazi, mwambieni mtoto anakokwenda na kwa nini, wala msimfundishe kujificha, kwa sababu mtoto aliyejificha hasaidiwi, hakuna aliyemwona.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa mto. Anayeitaka aichukue, akamsimulie wa kwake.